Kuganda Dakika ya Nane

Jumatatu, 3 Juni

Aibu! Aibu tupu! Na kosa si langu.

Nieleze vizuri, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wenye kutenda haki. Shule tano za udereva za hapa mjini zimeanzisha ligi ya mbio za magari kwenye kompyuta. Kila shule inatoa mwalimu mmoja. Kila mwalimu anacheza akiwa shuleni kwake, tunakutana kwenye intaneti saa saba mchana, na wanafunzi wanakaa nyuma wakitazama. Bosi wetu, mama mwenye shule, alipouliza nani anaujua mchezo huo, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza swali. Nimefundisha udereva miaka ishirini na miwili. Kompyuta itanifundisha nini mimi kuhusu usukani?

Isitoshe, nafasi ya mwalimu mkuu iko wazi tangu mzee wetu astaafu. Bosi anatafuta mtu. Mimi natafuta kutafutwa.

Leo mbio za kwanza. Chumba cha nadharia kimejaa. Wanafunzi kumi na wanne, Bosi kiti cha mbele. Niliondoka kama risasi. Barabara imenyooka, mimi wa tatu. Darajani, mimi wa pili! Dakika ya nane, naikaribia kona ya mnara wa saa... kimya. Picha imeganda. Gari langu limesimama hewani kidogo, kama limepigwa picha ya harusi. Sauti ya injini imebaki palepale, vuuuuuu. Nikabonyeza kila chenye kubonyezeka. Kompyuta ilipozinduka, mbio zilikuwa zimekwisha na mimi nimeshika mkia.

Bosi alisema pole. Sikupenda alivyoitamka.

Katibu wetu, yule anayekula chakula cha mchana bila kunyanyua macho kwenye skrini yake, alichungulia dirishani akauliza kama kompyuta imepata joto. Nikamwambia hii ni kompyuta, si chai.

Sababu nimeshaijua. Ni intaneti. Katibu anaimaliza.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wa kwanza. Wa kisayansi kabisa. Barabara ikiwa na foleni, unapunguza magari. Kwa hiyo nimefika kabla ya watu wote, nikaingia kwenye mipangilio ya kile kisanduku cha intaneti, nikabadilisha neno la siri. Intaneti yote yangu! Nilitunga neno gumu, mtu asilibahatishe hata akikesha mwaka. Herufi kubwa, herufi ndogo, namba, alama ya mshangao.

Saa mbili Katibu akauliza mbona hana mtandao. Nikashangaa pamoja naye. Saa tatu Bosi akauliza. Nikashangaa zaidi. Saa tatu na nusu nikajaribu kuingia mwenyewe. Limekataa. Nikaweka alama ya mshangao mwanzoni. Mwishoni. Mbili. Tatu! Limekataa. Neno lilikuwa gumu kweli.

Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa waandikishwe leo kwa mtihani wa barabarani. Hawakuandikishwa. Simu zikawa zinalia ofisini kama kuna msiba. Ndipo Katibu akachomoa pini kwenye mtandio wake, akakigeuza kisanduku, akaitia pini kwenye kitundu fulani mgongoni, akahesabu hadi kumi. Mtandao ukarudi. Hakutoka hata jasho.

Nilimweleza Bosi kwamba nilikuwa naimarisha usalama wa taasisi. Bosi akamgeukia Katibu, akamshukuru.

Katika shule hii, anayevunja na anayejenga hawatofautishwi.

Jumatano, 5 Juni

Mbio za pili. Safari hii sikuacha mwanya. Nilikusanya simu zote za wanafunzi kwenye ndoo ya kuoshea magari, nikaiweka nje. Hakuna wa kuninyonyea intaneti.

Dakika ya nane. Mnara wa saa. Vuuuuuu.

Mwanafunzi mmoja, muuza vitabu, mtu mzima mwenye mvi zake, aliuliza kwa adabu kama hiyo ndiyo breki ya mkono. Chumba kizima kikacheka. Nikawaambia mwenye meno ya kucheka leo, kesho atayatumia kupandisha kilima kwa klachi. Wakanyamaza, lakini mabega yaliendelea.

Mwalimu wa Malori naye alikuwepo. Huyu ni mwenzangu. Anaandika kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, kama anayebonyeza kengele ya mlango asiye na uhakika kama wenyewe wapo. Akasema lori lake la zamani nalo huguruma hivyohivyo likikaribia kuchemka. Watu wa dizeli kila kitu kwao kinachemka.

Bosi amesema kesho atamleta fundi kompyuta. Kisha akasema jambo jingine, ananiangalia usoni: mwalimu mkuu anayemtaka ni yule ambaye akikwama, anasema amekwama. Nimeliandika hapa ili nilitafakari. Bado sijaelewa linanihusu vipi.

Mchana wote nimesoma kwenye intaneti sababu za kompyuta kuganda. Kila ukurasa una neno la maana, kwa hiyo sifungi hata mmoja. Ziko ishirini na tatu wazi mpaka sasa. Maarifa hayafungwi.

Alhamisi, 6 Juni

Mungu wangu. Fundi kaja, nami namjua!

Ni yule mama mrefu niliyemfelisha mara tatu kuegesha gari kinyumenyume. Mara ya tatu aligonga koni moja tu, tena kwa kuigusa, lakini sheria ni sheria na siku hiyo nilikuwa na njaa. Hakurudi tena. Na leo amesimama mlangoni na mkoba wa bisibisi!

Alinisalimia vizuri. Vizuri mno. Kisha akaanza maswali, mojamoja, kama daktari. Akauliza inaganda hata nikiwa naandika barua? Hapana, mbioni tu. Inaganda mara tu nikianza, au baada ya muda? Dakika ya nane. Feni inapiga kelele kabla ya hapo? Inalia kama ndege ya jeshi. Akaweka kiganja ubavuni mwa kompyuta, akakiondoa upesi.

“Mwalimu, mashine hii inapata joto. Ikizidiwa inajipunguzia kasi, halafu inasimama. Niifungue niisafishe. Nitaondoka nayo, jioni nairudisha.”

Ahaa! Aondoke nayo! Jioni nzima yeye na kompyuta yangu, peke yao, na bisibisi! Nikamwambia hapana, ahsante, hali imeshadhibitiwa. Akanitazama kidogo.

“Mwalimu, yale ya kuegesha nimeshayasahau. Na joto halijui kama mimi na wewe tuna historia.”

Hayo ndiyo maneno ya mtu asiyesahau. Nikamsindikiza mpaka getini. Aliniachia karatasi: fungua, toa vumbi, iweke mahali penye hewa, funga vitu vingine vyote kabla ya kucheza. Nimeitumia kuzuia mlango wa choo usijifunge.

Bosi alipouliza, nilisema fundi amegundua tatizo ni la mazingira. Ukitafakari sana, si uongo.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango wa tatu. Huu nausifu mwenyewe, maana hakuna mwingine atakayeusifu.

Kompyuta ya Katibu haigandi. Kila asubuhi anaifuta kwa kitambaa, kila jioni anaifunika. Na kasha lake linafanana na langu, jeusi, kimo kimoja. Kwa hiyo saa moja asubuhi, kabla hajafika, nimechomoa la kwake nikalipeleka chumba cha nadharia, la kwangu nikaliweka chini ya meza yake. Nikapanga nyaya vilevile, hata kile kikopo chake cha kalamu nikakirudisha palepale. Kisha nikatoka barabarani na mwanafunzi, moyo mweupe.

Saa saba kamili, chumba kimejaa. Nikasimama mbele ya watu nikatangaza kwamba leo, mtakaoona, mtakuja kuwasimulia wajukuu. Bosi akavuta kiti karibu.

Barabara imenyooka, wa tatu. Daraja, wa pili. Dakika ya nane. Mnara wa saa.

Vuuuuuu.

Sikuamini. Nikainama chini ya meza. Ubavuni mwa kasha, alama za vidole vyangu vya chaki! Ni kompyuta yangu!

Katibu alikuwa amesimama mlangoni na sahani yake ya chakula. Akasema saa nne kompyuta yake ilikuwa inaganda kwenye orodha ya wanafunzi, akatazama vizuri, akaona kasha limepotea njia, akalirudisha kwao. Alisema bila hasira hata kidogo. Ndiyo hasira mbaya zaidi.

Wanafunzi hawakucheka safari hii. Muuza vitabu alinipigapiga begani. Bora wangecheka.

Jumatano ijayo ndiyo fainali. Alama zake zinahesabiwa mara tatu. Bado hatujafa.

Jumamosi, 8 Juni

Nyumbani. Nimemsimulia mke wangu yote, isipokuwa sehemu zinazonionyesha vibaya. Ikawa hadithi fupi.

Mke wangu ni muuguzi. Alisikiliza huku anapiga pasi sare zake, kisha akauliza: “Huyo fundi alisema ina joto?”

Nikasema ndiyo, lakini fundi ana kinyongo.

“Mgonjwa akiwa na homa, baba watoto, sisi tunashughulika na homa. Hatuendi kumhamishia kwenye kitanda cha mwenzie.”

Nikamweleza kwamba hospitali na teknolojia ni vitu viwili. Akasema sawa, akaendelea na pasi. Mtu akikwambia sawa kwa sauti ile, ujue hujashinda.

Ila amenipa wazo bila kujua. Homa! Mgonjwa wa homa hufunikwa. Na kinachonivuruga mimi kweli si kuganda, ni ule mlio wa feni. Ukianza tu, naungojea msiba. Nikiuzima mlio, nitatulia. Nikitulia, kompyuta nayo itatulia. Vitu hivi vina saikolojia yake.

Jumatatu, 10 Juni

Nimelivalisha kasha kava la kiti cha gari. La ngozi, nene, lilikuwa stoo, nadhani ni la lile gari la zamani la mafunzo. Limeenea kama limeshonewa. Juu nimefunga mkanda.

Kimya! Kimya cha msikitini! Saa saba nikaanza mazoezi, peke yangu, roho imetulia tuli. Barabara imenyooka. Natabasamu. Daraja. Napiga mluzi. Hata dakika ya nane sikufika. Dakika ya tano kompyuta ilizimika yote, pu, skrini nyeusi, nikajiona sura yangu ndani yake.

Kisha harufu. Ngozi ya moto.

Bosi aliingia akifuata harufu, nyuma yake Mwalimu wa Malori na kizimamoto mkononi, na nyuma yake Katibu. Walilitazama kasha katika kava lake na mkanda wake. Mwalimu wa Malori akauliza taratibu kama nalo lilikuwa linasafiri. Nikasema nilikuwa nalikinga na vumbi. Bosi akatoa simu, akampigia fundi mbele yangu, akamwambia aje kesho, na asiruhusu mtu yeyote kumsindikiza getini.

Kumbe alijua.

Jumanne, 11 Juni

Fundi alifungua kasha kwenye meza ya nje, kivulini, shule nzima imemzunguka.

Ndani mlikuwa mweupe. Si kijivu kama vumbi la watu wengine. Mweupe! Feni imevaa koti. Akapuliza kwa kipulizio chake, likatoka wingu, Mwalimu wa Malori akapiga chafya mara sita. Fundi akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akakisugua.

“Hii ni chaki,” akasema. “Nani anafutia ubao karibu na kompyuta?”

Macho yote kwangu. Ni kweli kwamba nachora mizunguko ya barabara kutwa. Ni kweli pia kwamba dasta ikijaa huikung'utia kwenye kasha la kompyuta, kwa sababu lina kimo kizuri na mlio mzuri. Miaka minne sasa. Lakini kuna aliyewahi kuniambia?

Akasafisha kwa brashi ndogo kama mswaki. Akapaka dawa fulani ya kijivu chini ya feni, akafunga. Akaliinua kasha juu ya matofali mawili, mbali na ubao. Kisha akaiwasha, akakuta kurasa arobaini na moja ziko wazi, zote zikieleza jinsi ya kuizuia kompyuta isigande. Akazifunga mojamoja, anasoma vichwa vyake kwa sauti. Sitaki kuliandika hilo zaidi.

Tukaijaribu. Aliweka mbio zilizorekodiwa, zikajichezea zenyewe saa nzima. Haikuganda. Feni inanong'ona.

Nikamwambia fundi ahsante. Ilinitoka tu. Nikasema pia kwamba ile koni, nikifikiria vizuri, huenda upepo uliisogeza. Akacheka, cheko la kweli, akasema leseni alishaipata shule nyingine, na anaegesha popote.

“Sasa ni wewe na barabara tu, Mwalimu.”

Kwa nini maneno hayo hayanitoki kichwani?

Jumatano, 12 Juni

Fainali. Wanafunzi ishirini na wawili, wengine wamesimama. Mke wangu alikuja na sare yake, ametoka zamu. Sikumwalika. Bosi ndiye aliyemwalika.

Barabara imenyooka, wa tatu. Daraja, wa pili. Watu wamesimama. Dakika ya nane. Mnara wa saa.

Haikuganda.

Nilikuwa sijawahi kuufikia mnara huo nikiwa macho. Wala sikujua upande wa pili kuna nini. Kumbe kona ile ni kali kama kiwiko, na nyuma yake kuna nyingine, na nyingine. Niligonga mnara. Nikarudi nyuma, nikaugonga tena. Nikapinda, nikaingia dukani. Wa tatu akanipita, wa nne akanipita, wa tano akanipita na akapiga honi. Wanafunzi wangu wameanza kutazama sakafu.

Hapo likanijia. Sijui lilitoka wapi. Nikaachia usukani, nikanyanyua mikono yote miwili, nikapaza sauti: “Imeganda! Mmeona? Imeganda tena!”

Nikakaa vile, mikono juu, sipepesi macho, nikidhani nikitulia mimi na picha itatulia. Katibu akasema kutoka nyuma, kwa upole sana, kama anayemwambia mtu kifungo chake kimefunguka:

“Mwalimu, bendera inapepea.”

Nikatazama. Juu ya mnara, kwenye skrini, bendera ndogo nyekundu ilikuwa inapepea. Saa inakwenda. Majani ya miti yanacheza. Hata ndege mmoja alipita.

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alichukua mkoba wake, akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akaniwekea mkono begani, akaniambia nimalizie tu. Nikamalizia. Dakika kumi na saba nyuma ya wa nne. Nilipovuka mstari muuza vitabu alipiga makofi, peke yake, kisha akaacha.

Alhamisi, 13 Juni

Bosi ameniita ofisini. Akafunga mlango, akanimiminia chai mwenyewe.

Akasema kushika mkia hakukumsumbua. Yeye mwenyewe alijaribu mchezo huo nyumbani kwake, hajawahi kuvuka daraja. Akasema alikuwa ameshaiandika barua ya cheo, jina langu juu yake, iko kwenye droo tangu Mei, kwa sababu hapa hakuna anayefundisha klachi kama mimi. Alikuwa anangoja tu nimwambie, mara moja, kwamba nimeshindwa na kitu.

“Ningekupa hata baada ya kava la kiti,” akasema. “Ila pale uliponyanyua mikono, Mwalimu, walikuwa wanakuangalia watu uliowafundisha kusema kweli wakigonga koni.”

Nafasi amepewa Mwalimu wa Malori. Alipoulizwa kama ataweza kazi za kompyuta, alisema hawezi, atamwomba Katibu amfundishe. Bosi akafurahi sana! Nimesimama pale nimeshika kikombe, nikatambua kwamba ninakiogopa chumba changu mwenyewe cha nadharia. Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo. Nikasema chai ni nzuri.

Msimu ujao Katibu ndiye atakayetuwakilisha kwenye mbio za magari. Mchana amefanya mazoezi, ameuzunguka mnara kama anazunguka meza yake.

Ijumaa, 14 Juni

Nimelala, nimeamka, nimefikiri sana. Mtu lazima ajitazame na aseme ukweli hata ukiuma. Ukweli ni huu: magari hayanifai. Mimi ni mtu wa anga.

Kuna mashindano ya ndege kwenye intaneti. Nimejiandikisha, nimewaambia wanafunzi, na mwenye kutaka kutazama aje Jumatatu saa saba. Leo nimefanya mazoezi. Kompyuta haikuganda hata mara moja. Nimeanguka baharini mara tisa.

Mara ya tisa nikaona kitu. Kiti changu! Kila nikipaa, kinashuka chini taratibu, hata unene wa kidole haufiki, lakini rubani anahisi. Kiti hicho kilikuwa cha Mwalimu wa Malori kabla hajapewa ofisi mpya. Si ajabu alikuwa anachekacheka alipokisukuma kuniletea!

Kesho nakuja mapema, kabla ya watu wote. Nakuja na spana.